Asumini za mezani zichumwe alasiri

Ukitaka maua ya asumini ya kupambia chakula cha usiku cha watu wawili, yachume alasiri, kuanzia saa kumi hivi, yakiwa bado tumba. Wanaosema asubuhi wamekosea. Asumini hufunguka jua likizama na harufu yake hukolea usiku. Ile unayoikuta imechanua asubuhi ni ya jana, na mpaka wewe na mwenzio mkae kula saa mbili usiku itakuwa imelegea na kugeuka rangi. Tafuta tumba lililonona, jeupe pe, ncha bado imefumba. Dogo la kijani liache mtini, ukilichuma halifunguki vizuri.

Kwetu Ng'ambo, mjini Unguja, mama alikuwa akitutuma watoto tukachume baada ya sala ya alasiri. Akizitunga kwa sindano na uzi, anazilaza kwenye sahani, juu kitambaa kilichoroweshwa na kukamuliwa. Baada ya isha akifunua, zimeshapasuka zote na chumba kizima kinanukia. Fanya hivyo hivyo, kisha zungushia uzi sinia la chakula.

Udi ni mzuri kwa usiku kama huo, ila ufukize chumba mapema na chetezo ukitoe kabla hujapakua. Ule moshi humeza harufu ya chakula, na pweza wa nazi uliyemhangaikia tangu mchana ni haki anukie mwenyewe. Kama mwenzio ana pumu, udi uache kabisa. Asumini zinatosha, mradi nazo hazimsumbui.