Napaka zinatulia, baada ya wiki mbili fangasi zimerudi

SWALI: Dada habari za kazi, mimi nipo Ilemela hapa Mwanza, nafanya kiwanda cha samaki upande wa minofu, asubuhi mpaka jioni nipo ndani ya gambuti na sakafu ni maji muda wote. Mwaka sasa nasumbuliwa na fangasi katikati ya vidole hasa kile kidogo na kinachofuata, ngozi inakuwa nyeupe kama imelowekwa, inabanduka, inawasha balaa, na nikivua soksi harufu yake naona aibu hata kukaa na wenzangu. Nimenunua klotrimazoli mara tatu, napaka siku nne tano inatulia kabisa naacha, baada ya wiki mbili imerudi. Jamaa mmoja kazini anasema hizo dawa ni feki nipake maji ya betri, mke wangu yeye anasema ni maji ya ziwa. Nifanyeje?

JIBU: Kaka yangu, maji ya betri usiguse kabisa, nakuomba. Ile ni asidi. Kuwasha kunaisha kwa sababu ngozi imeungua, alafu unabaki na kidonda katikati ya vidole ndani ya gambuti lenye maji, hapo bakteria wanaingia na mguu unavimba mpaka unashindwa kukanyaga.

Kwa unavyoeleza dawa yako inafanya kazi, ndio maana siku ya nne unapata nafuu. Shida ni kwamba unaiacha mapema. Klotrimazoli kazi yake kubwa ni kuzizuia fangasi zisijijenge, alafu mwili wenyewe ndio unazisukuma nje taratibu pamoja na ngozi iliyokufa, na ngozi ya juu inachukua kama mwezi hivi kujibadilisha. Sasa wewe ukiacha siku ya tano zilizobaki ndani zinaanza upya. Kwaiyo paka mara mbili kwa siku, wiki nne, na hata ukiona ngozi imekuwa safi kabisa endelea wiki mbili mbele. Ukiona muda ni mrefu ulizia terbinafini, hiyo inaua fangasi zenyewe na kwa za katikati ya vidole mara nyingi wiki moja inatosha, fuata tu kikaratasi cha ndani ya boksi.

Na kupaka kwenyewe kuna namna. Osha miguu kwa sabuni, suuza, alafu chukua kitambaa cha pamba kikavu upitishe kila kwenye upenyo mmoja mmoja, tanua vidole kwa mkono, kausha mpaka usione unyevu. Subiri dakika chache ndio upake, krimu kidogo tu, tena usiishie pale palipobanduka, vuka ukingo uingie kwenye ngozi nzima kama upana wa vidole viwili. Ukiona krimu imebaki nyeupe imeganda katikati ya vidole ujue umejaza, na hiyo nayo inaongeza unyevu. Nawa mikono, kitambaa hicho asitumie mtu mwingine, na asubuhi vaa soksi kwanza ndio uvae chupi, maana fangasi hizi zikipanda kwenye mapaja ni zile zile.

Gambuti sasa. Hapa ndipo wengi wanaofanya kazi za samaki wanaponiumiza roho, unakuta mtu anapaka dawa vizuri kabisa alafu kesho anaingiza mguu kwenye buti lililolala na maji. Kila jioni lipindue mdomo chini juu ya kijiti mahali penye hewa. Ukiweza kuwa na jozi mbili upokezane itakusaidia sana, na usiazimane na mtu. Soksi beba jozi ya kubadilisha mchana, za jana fua kwa maji ya moto uanike juani, na Mwanza mawe yenye jua tunayo kila nyumba.

Mwambie shemeji ziwa lina ugonjwa wake, kichocho, kile kinatokana na konokono wa majini na kinatibiwa kwa vidonge. Fangasi za vidole unazipata kwa mtu mwenzio, kwenye sakafu ya bafu la pamoja, taulo, ndala, buti. Maji yanazilea tu.

Ukimaliza wiki nne sawasawa bila mabadiliko, au wekundu ukianza kupanda mguuni, usaha, homa, nenda hospitali. Na kama una kisukari usisubiri hata hizo wiki, nenda sasa.

SWALI: Dada shikamoo. Nipo Sengerema, duka la dawa walinipa krimu ya mchanganyiko, kuwasha kuliisha siku ile ile lakini sasa mwezi wa pili naona vipele vimetoka vidoleni vimepanda juu ya mguu.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Soma boksi, ukikuta betametasoni au klobetasoli hiyo ni steroidi. Inanyamazisha kuwasha na wekundu, ila inapunguza ulinzi wa ngozi, fangasi zinatambaa huku wewe unajiona umepona. Iache. Siku za mwanzo kuwasha kutarudi, vumilia usiirudie. Nenda kituo cha afya wakukwangue ngozi kidogo waangalie kwenye hadubini, maana kwa eneo kubwa hivyo wanaweza wakakupa vidonge.

SWALI: Mwanangu wa miaka sita ana mapunye kichwani, nimpake hiyo hiyo klotrimazoli ya baba yake?

JIBU: Hapana mama. Mapunye ni ndugu wa fangasi hizo ila yameingia mpaka kwenye nywele yenyewe na krimu haifiki huko. Mpeleke zahanati wampime uzito, atapewa dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, na kichana chake ukiweke kando, asitumie mtu mwingine.