Jibu: OpenSimulator ya nyumbani, aliye nje anakwama kuingia

Mkuu, umesema kwenye seva yako ya OpenSimulator (programu ya kuendesha ulimwengu pepe wa 3D) wewe unaingia vizuri ukiwa nyumbani, ila mdogo wako aliye mkoa mwingine nenosiri linakubaliwa kisha anakwama pale inapoanza kuunganisha na eneo (region, yaani kipande cha ulimwengu huo). Dalili hiyo inasema mengi. Nenosiri linapitia TCP, poti 9000, na hapo kafika (TCP na UDP ni njia mbili tofauti za kusafirisha data). Kisha seva inampa anwani ya eneo lenyewe na mawasiliano yanahamia UDP. Ndipo anapopotea.

Fungua Regions.ini, faili la mipangilio ya maeneo, tazama mstari wa ExternalHostName, yaani anwani wanayopewa wanaoingia. Ukikuta SYSTEMIP (seva ijichukulie anwani ya kompyuta yake) au namba ya 192.168, mchawi ndiye huyo: kompyuta ya mdogo wako inatumwa kwenye anwani iliyopo ndani ya nyumba yako tu. Weka IP yako ya nje, au jina la DDNS (jina linalofuata IP yako hata ikibadilika) kama IP hubadilikabadilika, kisha washa seva upya. Kwenye ruta fungua 9000 kwa TCP na UDP. Wengi hufungua TCP peke yake. Maeneo ya ziada yana InternalPort (namba za poti) zao, nazo zifungulie UDP.

Baada ya hapo huenda ukashindwa wewe kuingia kutoka ndani, maana ruta nyingi hazina NAT loopback, yaani uwezo wa kukurudisha ndani unapotumia IP yako ya nje. Usirudishe mipangilio ya zamani, mwambie dogo ajaribu kwanza.

Na ikiwa aliye nje hafiki hata kwenye nenosiri, angalia IP ya WAN (ile ya upande wa intaneti) kwenye ruta. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT (mtoa huduma anawagawia wateja wengi IP moja ya umma), na kufungua poti hakutasaidia kitu. Omba IP ya umma kwa mtoa huduma wako.