Gololi inakimbia nikikata kona

SWALI: Mhariri, najifunza urubani kwenye Cessna 172. Nikikata kona ya kulia, pua huanza kwenda kushoto, na gololi ya kwenye kipimo kinachoonyesha ndege inapoteleza kando hukimbilia kulia. Mwalimu anasema tu "miguu!" Kuna zoezi la kunisaidia? – Mwanafunzi, Kisasa, Dodoma

JIBU: Lipo. Ila elewa kwanza chanzo. Unapolaza ndege kulia, aileroni (kibao kinachochezea ukingo wa nyuma wa bawa) ya kushoto hushuka. Bawa hilo hupata nguvu ya kuinuka, lakini pia hukokotwa zaidi na hewa, ndiyo maana pua huvutwa kushoto. Dawa ni pedali ya kulia, inayogeuza kibao cha mkiani, ikanyagwe pamoja na usukani, si baada yake. Ukirudisha usukani katikati, legeza na mguu. Wakati wa kunyoosha ndege, kanyaga upande wa pili. Hapo ndipo wengi husahau.

Panda na mwalimu hadi futi 3,000 juu ya ardhi. Dodoma yenyewe iko karibu futi 3,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo altimita, kipimo cha kimo juu ya bahari, isome kama 6,700. Kagueni anga, kisha chagua kilima cha mbali mbele yako. Laza ndege nyuzi 15 kushoto, na bila kutulia, nyuzi 15 kulia, tena na tena, pua ikibaki palepale kwenye kilima. Macho yawe nje. Gololi itupie jicho tu.

Pua ikikimbia kinyume na upande unaolalia, mguu ni mdogo au umechelewa. Ikitangulia upande uleule, umezidisha. Ukisita kati ya kushoto na kulia, ndege itageuka kweli, na zoezi limeharibika.

Ukiweza, nenda nyuzi 30, kisha punguza mwendo hadi noti 70 (maili 70 za baharini kwa saa). Hapo pedali itadai safari ndefu zaidi, kwa kuwa hewa inayopita kwenye mkia ni dhaifu. Mwisho fanya ukiwa unapanda kwa nguvu kamili: injini na propela huvuta pua kushoto, hivyo mguu wa kulia una kazi hata mabawa yakiwa sawa.

Ruka asubuhi mapema. Mchana wa Dodoma hewa moto hurusharusha ndege, hutajua kosa ni la mguu au la upepo.

Jambo moja halina mzaha: ukipitiliza mstari wa njia ya kutulia ndege kwenye kona ya mwisho ya kutua, usiisukume pua kwa pedali. Bawa la ndani laweza kupoteza nguvu ghafla na ndege ikaanza kuzunguka, chini mno kuiokoa. Ongeza nguvu ya injini, panda, kisha rudi kujaribu kutua upya.