Majibu ya kinyama kuchukua siku tisa

Dadangu uliyeuliza mbona mamako alikatwa kinyama cha titi, yaani kipande kidogo cha nyama cha kupimwa, na leo siku ya tisa majibu hakuna, na malaria wapimwa nusu saa ushajua, pole kwanza. Mimi nimefanya maabara ya patholojia hapa Mombasa miaka saba, sikiza chafanyika nini mle ndani.

Damu wapaka kwa kioo, wapiga rangi, watazama. Nyama haipitishi mwanga bana. Kwanza yalala kwa fomalini, dawa ya kuizuia isioze, na hiyo dawa yaingia polepole mno, kama milimita moja kwa saa, halafu yatolewa maji kwa alkoholi, yapitishwa zailini, dawa ya kuondoa ile alkoholi, ndio yatiwa nta ya moto iingie pale maji yalipokuwa. Ikiganda wapata kibonge kama kipande cha mshumaa, hicho ndicho wakikata kwa mashine vipande vya maikroni 3 au 4, unywele ni mnene mara nyingi kuliko hivyo. Hapo ndipo joto la Mombasa lilinitesa mimi, stima ikipotea mwezi wa tatu na AC imezima nta yalegea yote, tukawa twaweka vibonge juu ya barafu, wakata viwili vitatu warudisha. Kikitoka sawa chaelea kwa maji vuguvugu kama utando wa maziwa, wakiopoa na kioo kwa chini, ukipiga chafya umeanza upya.

Rangi ni kazi ndogo, kiini cha seli chawa buluu na kwengine waridi, kisha daktari asoma. Akiona kansa ya titi huagiza vipimo vya homoni na HER2, protini fulani ya seli za kansa, juu ya kile kibonge, siku zaongezeka tena. Lakini kukawia peke yake hakusemi lolote, usianze kulia.

Kilichoniuma ni cha mamangu mdogo, kliniki fulani walimtilia kinyama kwa chupa ya maji matupu, eti fomalini imekwisha! Kikavuka feri hivyo, kufika kwetu kishaoza, seli hazisomeki, akakatwa mara ya pili.

Kwa hivyo kesho nenda na namba ya ile fomu, usingoje simu. Uliza kilitiwa kwa fomalini? Fomu imeandikwa titi la kulia au la kushoto? Na kioo kishafika kwa daktari au bado kibonge hakijakatwa? Wakikujibu hilo la mwisho utajua wangoja siku mbili au wiki.