Daftari la Desemba ile

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara mbili za mwisho nikiwa na mamako. Umesema huko Uingereza Desemba hii imekubana hata nafasi ya kufua huna, kwa kuichangishia hospisi yenu, pahali pa kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Jumatatu mmeuza keki kazini, Jumatano mmepita mitaani na ndoo ya sarafu mkiimba nyimbo za Krismasi, Ijumaa kitengo chenu kina karamu, na Jumamosi unaamka gizani ukapande milima kwenye theluji, kujizoeza kwa ile safari yako ya mguu ya mwezi wa tano. Halafu ukauliza: "Baba, wewe ulikuwa ukiwaomba watu wale wale mwezi mzima. Hukuona haya? Na wao hawakukuchoka?"

Niliona haya, mwanangu. Daftari la mchango nilikabidhiwa mara ya kwanza Novemba 1997, wewe una miaka sita, na nilizunguka nalo siku nne ndani ya mfuko wa kanzu bila kumwonyesha mtu. Lilikuwa daftari la shule, jalada la buluu, mistari nimeipiga mwenyewe kwa rula: jina, kiasi, tarehe. Mtoto wa fundi seremala, nyumba ya nyuma yetu, alikuwa na tundu la moyo. Akipanda ngazi za kwao midomo ilikuwa ikigeuka zambarau, anakaa katikati ya ngazi na kusubiri pumzi imrudie. Madaktari walitaka apasuliwe Nairobi kabla ya mwezi wa tatu, na pesa zenyewe babake asingezipata hata angeuza randa na misumeno yake yote.

Na mwaka ulikuwa mbaya wa kuomba. Vurugu za Likoni, hapa Mombasa, za mwezi wa Agosti ziliwafukuza watalii, na vijana waliokuwa wapishi na wahudumu wa mahoteli walirudi nyumbani, wanashinda barazani. Mvua za El Niño ziliikatakata barabara ya Nairobi, malori yakawa hayafiki. Uchaguzi ulikuwa tarehe 29 Desemba. Ramadhani nayo ilikuwa inaingia mwisho wa mwezi huohuo, kwa hivyo Shaabani yote ikaangukia Desemba, na kila mwenye binti wa kuozwa alitaka kumwoza kabla ya mfungo. Kuna wiki nilihudhuria nikaha tano. Ijumaa moja nilikula pilau Mji wa Kale baada ya swala, nyingine Majengo alasiri, na usiku nikaitwa Kisauni. Tarehe 25 tukaenda kwa yule jirani wetu mwalimu kutoka bara, mamako amebeba bakuli la halua, nawe ukarudi na puto jekundu ulilolala nalo.

Kwenye nikaha ya kwanza nililitoa lile daftari. Kahawa inapita, nikaona watu wamekaa vizuri, wameshiba, nikadhani ndipo pahali pake. Walitoa, lakini macho yao yalishuka chini. Mzee mmoja, Mungu amrehemu, alinivuta nje hadi kwenye ngazi ya msikiti akaniambia, "Wale ni wageni wa mwenye nyumba. Wamekuja kumfurahisha yeye. Wewe umewatoza." Hakusema zaidi. Masikio yangu yaliwaka moto mpaka nyumbani.

Tangu siku ile sikutoa daftari kwenye shughuli ya mtu. Nilikwenda, nikabeba masinia, nikanawisha watu mikono, kama kuna kirumbizi, ule mchezo wa fimbo, nikasimama kutazama hadi mwisho. Kesho yake baada ya alasiri ndipo nilipopita kwenye maduka na mabaraza. Na hapo niliona jambo ambalo sikulitarajia. Wale ambao nilihudhuria harusi zao na misiba yao hawakuningoja nieleze. Waliniona kwa mbali wakaanza kupapasa mifuko. Mtu anayekuja kwako na daftari peke yake, ukimwona kona ile unaingia ndani. Anayekuja pia mwanao akitahiriwa, akaja mamako akilazwa hospitali, huyo daftari lake ni kama sehemu ya maneno mnayozungumza siku zote.

Kwa hivyo usihesabu karamu ya Ijumaa kuwa ni kazi iliyoongezwa juu ya mchango wako. Nenda. Acha ndoo nyumbani, na simu usiitoe kumwonyesha mtu ukurasa wako wa mchango. Muulize yule mwenzako wa zamu ya usiku hali ya mamake, yule uliyeniambia anaanza kupoteza kumbukumbu. Ukae mpaka vyombo viondolewe, usaidie kuvipanguza.

Kuna mtu mmoja nilimkosea mwaka ule, nawe unamjua. Mama Bajia, aliyekuwa na karai lake pale pembeni ya njia ya kwenda Marikiti. Kila Ijumaa alinipa shilingi thelathini. Alikuwa akizitoa kwenye pindo la leso, noti zimelowa mafuta na unga wa dengu hata kidole kinateleza, ananyoosha kila noti juu ya goti kabla ya kunipa. Wiki nne, shilingi mia na ishirini. Siku ya kusoma majina barazani, mbele ya watu wote na babake mtoto, nilisoma wafanyabiashara, nikasoma makarani wenzangu wa bandarini, nikaruka jina lake. Sikukusudia. Karatasi mbili zilishikana, kwa yale yale mafuta ya noti zake. Aliondoka hakusema kitu, na Ijumaa iliyofuata nilipopita aliniuzia bajia, akanihesabia chenji, basi.

Mamako ndiye aliyenifungua macho. Nilikwenda kwa Mama Bajia usiku, nikamkuta amekaa kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi. Nikamwambia nimekosa. Akasema, "Mwanangu, mimi si mtu wa kusifiwa. Lakini nilitaka yule mtoto asikie kwamba na mimi nilikuwemo." Jumamosi yake nilisimama barazani upya, nikaanza na jina lake. Na tangu hapo nilisoma majina yote, kiasi sikukisoma tena. Najua kwenye harambee nyingi kiasi hutangazwa kwa kipaza sauti, mwenye nyingi anapigiwa makofi. Mimi naona jambo hilo limewanyima watu wengi nafasi ya kutoa, kwa kuwa mwenye ishirini yake anaona ni afadhali abaki nyumbani. Kama ukurasa wako wa huko unakuruhusu kuficha kiasi, kifiche.

Pia alikuja mgombea mmoja, au tuseme watu wake walikuja, wakasema mheshimiwa atamaliza pengo lote kwa mkono mmoja, ila tumwandalie mkutano, mtoto akae mbele. Kamati iligawanyika, watu wakanyosheana vidole. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokataa. Usiku ule sikulala, kwa kuwa ni rahisi kukataa pesa za moyo wa mtoto wa mwenzako. Babake alisema tu, "Asikalishwe mbele." Tukaendelea na daftari. Mtoto alipasuliwa Februari 1998, na leo ndiye anayekuja kututengenezea friji.

Sasa, kama watu walinichoka. Wapo. Walionichoka zaidi ni wale nilioomba nikachukua, wasisikie tena pesa zimefika wapi. Baadaye nilipoanza kurudi kila wiki na hesabu, tumefika hapa, bado hapa, daktari amesema hivi, baadhi yao walianza kuniuliza wenyewe kabla sijafungua mdomo. Wewe hesabu zako unazo. Ulinieleza kwamba hospisi yenu inapata sehemu tu kwa serikali ya Uingereza, na iliyobaki kubwa inatoka mifukoni mwa watu. Waeleze hivyo wanaonunua keki. Waeleze usiku mmoja wa kukesha na mgonjwa una nini ndani yake, bila kutaja mgonjwa. Mimi nilipoelewa ni pale wauguzi wa hospisi walipokuwa wakipanda ngazi zetu kumletea bibi yako dawa ya mofini, ile ya maji, miezi yake miwili ya mwisho. Alilala bila kulia. Sijui kama uliwahi kujua kwamba na wao walikuwa wakiishi kwa michango.

Nije kwenye theluji, ambayo mamako haachi kuizungumza. Mimi theluji nimeiona kwa macho mara moja, asubuhi moja Taveta, ile ya Kilimanjaro, kwa mbali, nyeupe kama kofia iliyotoka kufuliwa. Sijaikanyaga. Lakini kwenye ile video mliyokuwa mnapanda ule mlima wa Kinder Scout nimeisikia. Ukungu umefunga, hapaonekani kitu ila buti zako na fimbo, na kila hatua inatoa sauti. Mamako amesema ni kama mtu anatafuna kashata. Mimi nilisikia chumvi. Kilindini, gunia la chumvi likipasuka gatini, tulikuwa tukiikanyaga hivyohivyo, kru, kru, hadi saa ya kutoka.

Mlima wa mita 636 mtu wa huku angeuona si kitu, tunao wakubwa zaidi hapa Taita. Lakini wewe umenieleza jua kwenu linachomoza saa mbili zimepita na kabla ya saa kumi alasiri limezama, na hilo ndilo linalonitia hofu kuliko urefu. Usiende peke yako. Mwachie mtu nyumbani njia mtakayopita na saa ya kurudi. Ukungu ukifunga geuka, hata kama kilele kimebaki hatua mia. Hakuna aliyetoa pauni tano ili uvunjike mguu.

Safari yenyewe nimeipima. Hiyo njia ya miguu ya Pennine Way, toka hapo Edale hadi Kirk Yetholm upande wa Scotland, maili 268, ni kilomita 431. Reli ya hapa hadi Nairobi ni 472. Nimewaambia wazee barazani kwamba binti yetu atakwenda kwa mguu karibu kama kufika Nairobi, wakanyamaza, kisha mmoja akauliza atalala wapi. Nikawasimulia na ile habari yako ya tarehe 24 Aprili 1932, vibarua wa viwandani walivyopanda Kinder kwa nguvu kwa kuwa mabwanyenye walifunga njia, na watano wakafungwa jela. Ilizua mazungumzo marefu, maana kila mmoja alikuwa na njia yake ya kuteremkia baharini aliyoijua utotoni na leo ina ukuta na askari.

Basi na sisi tumeanza kutembea. Tunatoka baada ya swala ya alfajiri, watu sita au saba, tunapita Fort Jesus, tunaifuata bahari hadi Mama Ngina kwenye mibuyu, tunasimama kutazama feri ya Likoni ikivuka imejaa wageni wa sikukuu, halafu tunarudi. Kaskazi imeanza, upepo mzuri. Maembe ya ngowe yameshajaa, kila mtu anarudi na mawili matatu kwenye mfuko wa nailoni. Mimi goti la kushoto linanisumbua nikifika kwenye mteremko, nimepaka mafuta ya karafuu, usiwe na wasiwasi.

Hakuna niliyemwomba kitu. Jumanne muuza kahawa aliniuliza daftari liko wapi. Nikasema daftari la nini? Akasema, "La binti. Wale wauguzi walipanda ngazi zako, na sisi tuliwaona." Nikanunua jipya. Zimepatikana shilingi 7,450, nimempa kakako, atakutumia kesho. Kwa pauni ni kidogo, nawe usijaribu kuziongezea.

Majina ni kumi na tisa, nimeyaandika nyuma ya karatasi hii kwa herufi kubwa, yaweke yote kwenye ukurasa wako. La kwanza ni la Mama Bajia. Karai aliliacha zamani, macho hayaoni vizuri sasa, anakaa kwa mjukuu wake. Nilipokuwa naandika alinishika kifundo cha mkono, akaniuliza kama nimeshaandika. Nikamsomea.

Babako