Jakuzi nyumbani: usiichomeke kwenye soketi ya kawaida

Mkuu, umesema jakuzi ni la lita 1,200, hita ya kilowati 3, nyumba iko Dar na fundi kakwambia achomeke tu kwenye soketi ya ukutani. Asikudanganye. Hita ya 3kW peke yake kwa umeme wa volti 230 inavuta ampea 13, hapo bado pampu ya maji na ya upepo zikiwaka pamoja, soketi itaungua tu hata isipoungua leo.

Jakuzi linataka laini yake lenyewe kutoka mein switchi, waya wa kopa wa 6mm, breka ya ampea 32, na usikubali kazi bila RCD ya miliampea 30, maana hiyo ndo swichi inayokata umeme ukivuja wakati wewe uko ndani ya maji. Ethi ipimwe, sio kuchomeka rodi ardhini na kuondoka. Swichi ya kuzimia ikae mbali, mtu aliye majini asiifikie kwa mkono. Na fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwambie akuonyeshe.

Gharama kubwa ni urefu wa waya, jakuzi likiwa nyuma kabisa ya nyumba hela inaishia kwenye kopa.

Halafu LUKU sasa, yaani umeme wa kulipia kabla. Kupasha maji yote toka nyuzi 26 mpaka 38 ni kama yuniti 17, masaa karibu sita, yuniti ikiwa shilingi 350 hivi ni kama elfu sita. Nunua na kifuniko kizuri, la sivyo kila wikiendi unaanza upya.