Usaili wa OOP: ingia na mfumo mmoja unaoujua vizuri

Muulize mhitimu wa kompyuta enkapsulesheni ni nini, atakujibu bila kukwama. Ataendelea na urithi, polimofizimu na abstraksheni, zote nne kwa mpangilio; ndizo nguzo za OOP, yaani uandishi wa programu unaojengwa kwa objekti. Kinachomkamata ni swali linalofuata, kuhusu neno private linaloficha data isiguswe na sehemu nyingine za programu: "Hapo tukifuta neno private, kitaharibika nini?"

Nimeshakaa kwenye kiti cha kuulizwa, na siku hizi nawasaidia wahitimu kujiandaa hapa Dodoma. Wengi wametoka CIVE, ndaki ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), wengine wanasafiri kutoka mikoani kuja kwenye usaili. Maelezo ya daftarini wanayo yote. Wanachokosa ni sababu, yaani tatizo ambalo kila dhana ililetwa kulitatua. Kwa usaili wa mchujo wa kuandika, maelezo ya daftari yanaweza kukuvusha. Kwenye vitendo na mahojiano, jopo linataka kuona unavyofikiri.

Ushauri wangu ni huu: chagua mfumo mmoja mdogo ambao shughuli zake unazijua kwa undani, kisha kaa nao mpaka uweze kuionyesha kila dhana humo. Achana na ule mfano wa vitabuni wa Mbwa anayerithi Mnyama. Jopo limeshamsikia tangu asubuhi. Mimi napenda kutumia chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu, kwa kuwa ukiwa Dodoma hukosi kumfahamu mtu mwenye shamba Hombolo au Mpunguzi. Mkulima analeta zabibu, zinapimwa, kilo zinaandikwa, deni la pembejeo linakatwa, kinachobaki analipwa. Na hata kihistoria OOP ilianzia kwenye kuiga shughuli halisi: Simula 67, lugha ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norway iliyoleta klasi (mchoro wa aina ya kitu) na objekti (kitu chenyewe kilichoundwa kwa mchoro huo), ilitokana na lugha yao ya awali iliyokusudiwa kazi hiyo.

Tuanze na enkapsulesheni, yaani kufungia data ndani ya klasi, kwa mfano wa salio la mkulima. Likiwa wazi kwa kila sehemu ya programu, skrini ya mizani italiongeza, skrini ya pembejeo italipunguza, na aliyeandika ripoti ya mwisho wa msimu ataliweka sifuri ili hesabu zake zikae sawa. Siku mkulima akija kulalamika kwamba salio lake ni hasi, itabidi upekue programu nzima kumtafuta aliyeligusa. Salio likiwa private, linabadilishwa na methodi (kazi ambazo klasi inaweza kufanya) mbili tu, pokeaMzigo na kataDeni. Sheria ya kukataa kiasi kisichofaa inakaa humo, na kumbukumbu ya kila badiliko inaandikwa humo humo. Hilo ndilo jibu ambalo jopo linalisubiri.

Kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza ni kutengeneza geti na seta (methodi za kusoma na kuweka thamani) kwa kila kitu kwa mazoea. Ukiweka setSalio inayopokea namba yoyote, umefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Wa pili ni mgumu kidogo kuuona: getMizigo inayorudisha orodha yenyewe. Anayeipokea anaweza kufuta mizigo ya mkulima bila klasi yako kujua. Rudisha nakala, au orodha isiyobadilishika. Msailiwa anayelitaja hili bila kuulizwa anaonekana mara moja kwamba amewahi kuandika programu ya kazi.

Kwenye urithi, yaani klasi moja kuchukua sifa za nyingine, wengi wanakimbilia kuchora Mkulima, Mpimaji na Mweka Hazina, wote wakirithi Mwanachama. Mchoro unapendeza mpaka ukutane na mama anayelima na ambaye pia amechaguliwa kuwa mweka hazina. Katika lugha ya Java klasi hurithi klasi moja tu, na objekti ikishaundwa haibadilishi klasi yake. Huyo mama utamweka wapi? Na muda wake wa uongozi ukiisha? Ni bora Mwanachama awe na orodha ya majukumu yanayoongezwa na kuondolewa. Hiyo ndiyo kompozisheni, na kwa maoni yangu ianze kufikiriwa yenyewe, urithi ufuate. Kabla ya kurithisha, jiuliza kama uhusiano huo utadumu muda wote objekti itakapokuwepo.

Polimofizimu, yaani wito mmoja ambao kila objekti huutekeleza kwa njia yake, iko kwenye malipo. Mkulima mmoja analipwa kwa simu, mwingine benki, mwingine taslimu. Bila polimofizimu, ule mlolongo wa if utaurudia kwenye malipo, kwenye risiti na kwenye ripoti. Njia mpya ikija, utasahau sehemu moja. Ukiwa na intafesi (orodha ya methodi ambazo klasi inaahidi kuwa nazo) NjiaYaMalipo yenye methodi lipa, kila njia inajua kazi yake. Hapa tarajia swali la ovaraidingi (klasi kuandika upya methodi iliyoirithi) na ovalodingi (methodi kadhaa zenye jina moja lakini vigezo tofauti). Katika ovaraidingi, methodi itakayoitwa huamuliwa programu inapokimbia, kwa kuangalia objekti halisi. Katika ovalodingi, kompaila (programu inayotafsiri msimbo) huchagua mapema kwa kuangalia aina za vigezo. Methodi za static, yaani za klasi yenyewe na si za objekti, hazifuati utaratibu wa ovaraidingi, na wasaili wanapenda kuingilia hapo.

Abstraksheni haina mengi: anayebonyeza "lipa" hahitaji kujua benki inazungumzaje na mfumo wako. Ila ukiulizwa tofauti ya klasi ya abstrakti (isiyoundiwa objekti moja kwa moja) na intafesi, usiseme kwamba intafesi haiwezi kuwa na methodi yenye mwili. Tangu Java 8 ilipotoka mwaka 2014 inaweza, kupitia neno default. Tofauti iliyobaki ya msingi ni kwamba intafesi haitunzi hali ya objekti na haina konstrakta, yaani sehemu inayoianzisha objekti inapoundwa.

Nje ya nguzo hizo nne, jiandae kwa equals (methodi inayolinganisha objekti mbili) na hashCode (namba inayosaidia kuitafuta objekti haraka). Objekti mbili zenye namba moja ya uanachama ni mkulima mmoja, lakini Java haitalijua hilo mpaka uiambie. Ukiandika equals ukaacha hashCode, HashSet, mkusanyo usiopaswa kuwa na marudio, inaweza kuwahifadhi wote wawili, na mkulima akatokea mara mbili kwenye orodha ya malipo.

Namna ya kujipima: mwombe mwenzako abadilishe shughuli ya chama ukiwa umeshachora klasi zako. Aseme, kwa mfano, kwamba kuanzia msimu ujao chama kitapokea na alizeti, bei itategemea daraja la zao, na wakulima wanaruhusiwa kugawa malipo nusu simu, nusu benki. Mweleze kwa sauti, kwa Kiswahili kwanza na kisha kwa Kiingereza, ni klasi zipi utazigusa, zipi hazitaguswa, na kwa nini. Ukijikuta unafungua Mwanachama kwa sababu ya bei ya alizeti, rudi kwenye mchoro. Kuna kazi umeiweka kwenye klasi isiyo yake.